Je, Chema Bado Chajiuza?

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imelelewa sokoni, mahali ambapo mnunuzi hukishika kitu, akakigeuza, akakinusa, kisha akatoa pesa au akaenda zake. Siku hizi soko jingine limehamia ndani ya simu, na huko hakuna kushika wala kunusa. Kuna picha, kuna maneno machache chini yake, na kuna kidole kinachopita haraka. Mwenye bidhaa ya kawaida anaweza kulipuuza soko hilo akaishi. Mwenye bidhaa isiyofanana na nyingine, iliyotoka mahali pasipofanana na pengine, hana budi kujiuliza vizuri: aingie mitandaoni kwa njia gani, na apime kwa kipimo gani kwamba amefanikiwa?

Swali hili nimelipeleka Chala. Ziwa Chala liko kaskazini mwa mji wa Taveta, ndani ya kasoko ya volkano, upande wa mashariki wa mlima Kilimanjaro, na mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji yake. Ukiwa barabarani hulioni. Unapanda ukingo wa kasoko, na mara ziwa liko chini yako, kuta za mawe na vichaka zikishuka takriban mita mia moja hadi kwenye maji ambayo leo ni ya buluu iliyokolea na majira mengine huwa ya kijani. Sehemu kubwa ya maji hayo huingia na kutoka chini kwa chini. Mahali kama hapa hapahitaji kusifiwa kwa chumvi. Ndiyo maana panafaa kwa mjadala: kama uuzaji wa mitandaoni hauwezi kusema kweli ukiwa Chala, utaisemea wapi?

Sauti zinazobishana hapa ni nne. Hakuna niliyemrekodi, nimezikusanya hoja ambazo wafanyabiashara wadogo hubishania kila siku, nikazigawa kwa watu wa kazi nne: Mwalimu mstaafu, Msusi wa vikapu, Mama Ndizi wa soko la Taveta, na Kijana anayelipwa kusimamia kurasa za wafanyabiashara. Nitakaposhindwa kunyamaza, nitaingilia.

MWALIMU: Mimi nasimama na methali. Vikapu vya Taita vilisifiwa kabla ya mtu yeyote hapa kumiliki simu. Ndizi za Taveta hazikuwahi kuwa na ukurasa popote, na bado siku za soko, Jumatano na Jumamosi, malori yanakuja yenyewe. Kitu kizuri kina miguu.

KIJANA: Malori yanakuja, Mwalimu, tena yanakuja na bei yake. Mwenye lori ndiye anayetamka mkungu ni shilingi ngapi. Chema kimejiuza, sikatai, lakini kimejiuza kwa bei ya mnunuzi.

MAMA NDIZI: Hapo umegusa kidonda. Mkungu haungoji. Ukianza kubadilika rangi, mwenye lori anakaa kivulini anakunywa soda, anajua saa tisa nitamfuata mwenyewe. Lakini niambie, mwanangu, hiyo video yako itanifaa nini? Mtu wa Kitengela akizipenda ndizi zangu kwenye simu, nimpelekee mkungu mmoja kwa nauli gani?

KIJANA: Wewe, Mama, sitakuchukulia pesa ya video. Tangu 2018 kuna WhatsApp ya biashara, haina malipo. Tunaweka picha ya mikungu ya asubuhi hiyo, ukubwa wake na idadi yake, kisha tunawatumia wanunuzi wa jumla kumi na tano unaowajua, wa Voi, Mombasa na Nairobi. Wawili wakiuliza bei siku moja, mwenye lori aliyekaa kivulini ataamka. Huhitaji wafuasi elfu kumi. Unahitaji watu kumi na tano wenye namba yako na wewe uwe na yao.

MAMA NDIZI: Na wao kwa wao wakipigiana simu wakapanga bei?

KIJANA: Wanaweza. Ndiyo maana nasema kumi na tano, nisiseme watatu.

Niingilie kidogo. Katika mjadala huu watu huchanganya vitu viwili. Ndizi ya Taveta ni nzuri kweli, lakini ikishashushwa sokoni Nairobi inalala pamoja na ya Kisii na ya Meru, na mnunuzi wa mwisho hajui ilikotoka. Jina lake linabaki kwenye lori. Kikapu kinatembea na jina lake, maana jina liko ndani ya ususi wenyewe. Anayekijua atakitambua hata kikiwa begani mwa mtu asiyejua Taita ni wapi. Bidhaa ya namna hii ndiyo yenye kitu cha kusimulia, na yenye hatari pia ya kuporwa simulizi.

MSUSI: Basi nisimulie mwenyewe, kabla hajasimulia mtu mwingine. Katani inakatwa, jani linaparuliwa kwa kisu mpaka nyama ya kijani itoke na nyuzi zibaki. Unaziosha, unazianika. Halafu unakaa chini, unakunja nguo, unasokota uzi pajani kwa kiganja, nyuzi mbili zikizungukana, siku nzima, mpaka ngozi ya paja inakuwa ngumu. Rangi nayo ina siku yake. Ndipo uanze kitako cha kikapu, nyuzi zikipishana pale katikati, kisha unapanda ukizunguka. Ua la kikapu halichorwi popote. Hesabu yake iko kichwani. Ukikosea uzi mmoja, kosa linakuzunguka kikapu kizima, na unafumua. Sasa kuna kijana alikuja, simtaji, akanipiga picha nikisokota. Picha ikazunguka, nikaambiwa imependwa na watu maelfu. Mwezi ule niliuza vikapu vilevile nilivyokuwa nikiuza, kwa dalali yuleyule, bei ileile. Nauliza: wale maelfu walipenda nini?

KIJANA: Walipenda picha, Mama. Nayo picha haikuwa na bei, haikuwa na namba ya simu, haikusema kikapu kinapatikana wapi. Mpiga picha alipata wafuasi. Wewe ukawa pambo la ukurasa wake.

MWALIMU: Unajihukumu mwenyewe!

KIJANA: Nahukumu kazi mbovu, na iko nyingi. Tuchukue daftari tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, kila mmoja ataweka zake. Kikapu kimoja tuseme kinachukua siku sita. Dalali anakipa shilingi 1,200 taslimu. Nyuzi, rangi na mkanda wa ngozi vimekula 700. Zinabaki 500.

MSUSI: Kwa siku sita.

KIJANA: Kwa siku sita. Haya, tuuze kwa simu kwa 2,800, nauli ya parseli juu ya mnunuzi. Toa 700 za vifaa, zinabaki 2,100. Mimi nachukua asilimia 15, yaani 420. Zinabaki 1,680. Tangazo tumelilipia 1,500, watu elfu tisa wameliona, sitini wameandika kuuliza, watano wamelipa. Kwa hiyo kumpata kila mnunuzi kumegharimu 300. Mkononi mwako zinabaki 1,380, ambazo ni 230 kwa siku.

MSUSI: Na wale hamsini na watano waliouliza wasinunue?

KIJANA: Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Nawaandika. Wangapi waliuliza bei wakanyamaza? Wangapi walitaka kikapu kikubwa zaidi? Wangapi waliogopa kutuma pesa kwa mtu wasiyemwona? Wengi wakisema neno moja, tunarekebisha hilo, hatuongezi pesa kwenye tangazo. Sasa sikiliza sehemu tamu. Mmoja kati ya wale watano akirudi baada ya miezi mitatu kumnunulia dada yake, hatukumlipia tangazo tena. Unapata 1,680, sawa na 280 kwa siku. Faida ya kikapu iko kwa anayerudi. Laiki sizihesabu kabisa.

MAMA NDIZI: Mbona wenzako wanazihesabu?

KIJANA: Kwa sababu ni rahisi kuzionyesha. Mteja akiuliza "umenifanyia nini mwezi huu?" unamwonyesha simu, namba imepanda, anafurahi, analipa. Ukimwonyesha daftari lenye vikapu vitatu, atauliza maswali.

Hili nataka kulisisitiza kwa sauti yangu, kwa kuwa linaumiza watu wasio na pesa ya kupoteza. Nchi nzima ilimwona Githeri Man mwezi Agosti 2017, mtu aliyepigwa picha akila githeri kwenye mfuko wa plastiki siku ya uchaguzi. Kwa siku chache kila kampuni ilitaka kusimama karibu naye, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ametunukiwa nishani ya Rais. Jina lilipaa, na waliojua kulitumia ni wale waliokuwa tayari na bidhaa dukani, namba ya kulipia na watu wa kupokea simu. Mvumo unaomkuta mtu hana hata kikapu kimoja cha akiba unapita juu yake ukaenda kumnyeshea mwingine. Anayemwahidi msusi wa Taita "kuvuma" bila kumuuliza ana vikapu vingapi ndani anamwahidi balaa.

MSUSI: Niliulizwa hilo na mnunuzi wa jumla. Alitaka mia mbili kwa mwezi. Kikundi chetu tuko kumi na wawili, kila mmoja kikapu kimoja kwa wiki kama hakuna mazishi wala kulima. Mia mbili ni karibu wiki kumi na saba. Wenzangu walitaka tukubali, tununue uzi wa nailoni dukani, tuharakishe. Nikakataa, wakaninunia.

KIJANA: Mama, mimi ningekubali nusu. Nailoni ina soko lake.

MSUSI: Lina soko, na wanaolisukia wengi, na mashine zaja. Mtu wa mbali anayetoa 2,800 ananunua paja langu na hesabu yangu. Nikimpa nailoni nimempa kitu anachokipata kwa mia tano popote, na hatarudi. Wewe mwenyewe umesema faida iko kwa anayerudi.

Kijana hakuwa na jibu hapa, nami sina la kumsaidia. Hapa ndipo bidhaa ya pekee inapotofautiana na sabuni. Kampuni ya sabuni ikipata wanunuzi maradufu inaongeza zamu kiwandani. Msusi akipata wanunuzi maradufu, kitu pekee anachoweza kuongeza bila kukiharibu kikapu ni bei, au orodha ya wanaosubiri. Kaunti hii ya Taita Taveta ina njia nyingine pia. Hadithi, shirika lililoko Kasigau, linakusanya vikapu vya vikundi vya wanawake na kuviuza mpaka ng'ambo. SOKO Kenya, kiwanda cha nguo kilichoanza 2009 na baadaye kikahamia huko huko, kilianza kuwashonea ASOS, wauzaji wa nguo wa Uingereza, mwaka 2010, nguo za chapa ambayo baadaye iliitwa "Made in Kenya". Hizo ni kazi za mikataba, ukaguzi na tarehe za kupeleka mzigo. Ukurasa wa mtandao unaweza kufungua mlango wa mkataba kama huo, lakini hauwezi kushona shati.

MWALIMU: Sasa niacheni niseme linaloniwasha. Mnazungumza kana kwamba umaarufu wa jina unaleta pesa nyumbani. Tazameni kito cha kijani kinachochimbwa hapa petu. Mwanajiolojia Campbell Bridges alikipata kwanza Tanzania mwaka 1967, halafu akakipata upande wetu miaka michache baadaye. Mwaka 1974 wauza vito Tiffany wa New York wakakiita tsavorite, kwa jina la Tsavo yetu, wakakitangaza duniani. Hakuna tangazo lililofanikiwa kuliko hilo katika historia ya kaunti hii! Jina la mbuga yetu liko kwenye vidole vya matajiri. Nendeni Kamtonga mkamwangalie mchimbaji mdogo anavyouza jiwe ghafi kwa dalali, kwa kukadiria, kwa shida ya siku hiyo. Jina limekuwa kubwa, na mwenye shimo amebaki na shimo.

KIJANA: Kwa sababu jina na kazi ya kulikata jiwe vilishikwa na watu wa mbali, Mwalimu.

MWALIMU: Naam! Na wewe unayaweka majina yetu kwenye ukurasa wa nani? Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" kama alama yake ya biashara huko kwao. Kikoi! Shuka la pwani nzima, Lamu hadi Kilwa. Watetezi wa biashara ya haki wakapinga, na ombi hilo likafa mwaka 2008. Kama asingeamka mtu, mshonaji wa Mombasa angekuwa anaomba ruhusa kuuza kikoi Uingereza. Mnatangaza kwanza, mnasajili lini?

KIJANA: Hilo nakubaliana nalo bila masharti. Sheria ya Alama za Biashara, Sura 506, inaruhusu chama cha wazalishaji kusajili alama ya pamoja katika KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama za biashara, na kila mwanachama anayetimiza viwango akaitumia. Kikundi kikisajiliwa na alama ikawepo, ndipo nitumie pesa za matangazo. Vinginevyo namjengea mtu mwingine duka.

MSUSI: Na viwango tutaviandika sisi?

KIJANA: Nyinyi. Uzi gani, ususi gani, nani anakagua.

MSUSI: Basi nailoni imekwisha.

Nimefurahi kumsikia Kijana akisema hivyo, maana wauzaji wengi wa mitandaoni huanza na rangi za ukurasa na jina la kuvutia, wakaacha karatasi za umiliki ziwe kazi ya baadaye. Kwa bidhaa ya kawaida kuchelewa huko hakuui. Kwa kitu ambacho thamani yake yote imo katika kutoka kwake mahali fulani, mikononi mwa watu fulani, kutangaza bila kusajili ni kuacha mlango wazi usiku kucha.

MAMA NDIZI: Nami nina la picha. Juzi nimeuliza mikungu yangu inapigwa picha kwa nini, nikaambiwa "maudhui." Wanangu walikuwa nyuma ya mikungu.

KIJANA: Aliyekupiga picha amekosea, na sheria inamfuata. Sheria ya Kulinda Data ni ya mwaka 2019. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza kilabu kimoja Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mitandaoni bila ridhaa yake, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziidhinisha. Mimi nina fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Mama anasaini, anajua picha itatumika wapi na mpaka lini. Asiyetaka uso wake uonekane, tunapiga picha ya mikono.

MSUSI: Mikono inatosha. Kazi iko mikononi.

Tulifikie sasa ziwa lenyewe, maana hapa ndipo hoja ya matokeo inapopata mtihani wake mgumu. Kijana ana ndoto ya kuwaleta wageni Chala. Barabara ya lami kutoka Voi imepunguza safari ya kilomita kama 110 hadi Taveta kuwa ya asubuhi moja, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta na Holili kifunguliwe 2016, mgeni wa Moshi naye anafika bila kuhangaika sana. Mgeni akija analala, anakula, anabeba kikapu.

KIJANA: Na ziwa lina ya kusimulia kuliko machweo ya jua. Mwaka 2016 wanasayansi walitoboa tope la sakafuni kwake zaidi ya mita 200, wakapata kumbukumbu ya hali ya hewa ya kama miaka 250,000. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipiganwa karibu hapa. Wajerumani waliuteka mji wa Taveta Agosti 1914, na Februari 1916 watu waliuana kilimani Salaita. Mgeni akielezwa hayo kabla hajafika, anakuja na maswali na anakaa siku mbili. Aliyeona picha tu anafika, anajipiga picha, anaondoka kabla ya chakula cha mchana. Siku mbili dhidi ya saa mbili, hilo ndilo tokeo ninalolitaka.

MWALIMU: Utawaambia na habari ya mamba?

KIJANA: Nitawaambia.

MWALIMU: Mwaka 2002 binti wa Kiingereza aliuawa na mamba akiogelea katika ziwa hili. Leo nikifungua simu naona video za watu wakiruka majini, muziki juu, watazamaji maelfu. Anayepata watazamaji hao siye atakayemtafuta mtoto majini. Ukuta ule wa kasoko una njia nyembamba yenye kuteleza. Tangazo lako litasema nini?

KIJANA: Litasema: tazama kutoka ukingoni, shuka na mwenyeji anayeijua njia, usiogelee. Tutapoteza baadhi ya watazamaji. Ninaowapoteza ni wale ambao nisingetaka wafike.

MWALIMU: Na samaki?

MAMA NDIZI: Samaki yupi tena?

MWALIMU: Chala ina tilapia wake ambaye hayupo ziwa jingine lolote duniani. Wataalamu wanamwita Oreochromis hunteri, na yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Tilapia wa kigeni waliingizwa humo, nao wanagombania maji yaleyale. Kuna bidhaa ya pekee kuliko huyo? Kijana akimweka kwenye ukurasa wake, "Njoo ule samaki asiyepatikana kwingine," mezani patajaa. Matokeo yatakuwa mazuri ajabu, mwezi hadi mwezi, mpaka mwezi ambao samaki hayupo.

Kwangu mimi hoja hii ya Mwalimu ndiyo nzito kuliko zote zilizosemwa. Kipimo cha mauzo hakina jicho la kuona kitu kinachokwisha. Namba ya samaki waliouzwa itapanda na kupanda, na mchoro wake kwenye simu utapendeza mpaka siku ya mwisho. Kwa hiyo anayeuza upekee wa mahali lazima awe na namba ya pili, ya kile kilichobaki, na namba hiyo iwe na nguvu ya kusimamisha tangazo. Kwa katani si tatizo, inapandwa. Kwa samaki wa Chala jibu langu ni fupi: huyo asitangazwe kuliwa. Atangazwe kuwa yupo.

KIJANA: Samaki sitamgusa, Mwalimu. Nikiandika, nitaandika kwa nini hayupo kwenye menyu.

MWALIMU: Hiyo nitaisoma.

MSUSI: Mimi nina hofu nyingine, ndogo. Hiyo simu ikizimika?

KIJANA: Si hofu ndogo. Januari 2018 Facebook walitangaza kwamba watu wataonyeshwa zaidi mambo ya ndugu na marafiki, na machapisho ya biashara yatapungua. Waliojenga kila kitu pale waliamka wateja hawawaoni tena mpaka walipie. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zote zilizimika kama saa sita dunia nzima. Aliyekuwa na namba za wateja wake kwenye daftari aliwapigia. Asiyekuwa nazo alikaa akisubiri. Mtandao ni nyumba ya kupanga, mwenye nyumba anaweza kubadilisha kufuli. Kwa hiyo sharti langu la kwanza: kila aliyenunua, jina na namba yake, kwa ridhaa yake, vinaandikwa kwenye daftari linalokaa kwa Mama, si kwenye simu yangu.

MWALIMU: Hata ukiacha kazi?

KIJANA: Hasa nikiacha kazi.

MAMA NDIZI: Tuandikie basi hilo daftari, tulione.

KIJANA: Kurasa za kushoto: tarehe, nani aliuliza, aliona wapi, alitaka nini, kwa nini hakununua. Kurasa za kulia: nani alilipa, shilingi ngapi ziliingia kwenye till, parseli ilitoka Voi lini, ilifika lini, alisema nini baada ya kuishika. Na safu moja ya wino mwekundu: aliyerudi.

MWALIMU: Ongeza safu ya vikapu vilivyofumuliwa.

KIJANA: Ya nini?

MWALIMU: Ikianza kuwa tupu wakati maagizo yanaongezeka, ujue watu wameacha kukagua. Nilisahihisha madaftari ya watoto miaka mingi. Darasa lisilo na kosa hata moja si darasa lililoelewa, ni darasa ambalo mwalimu amechoka.

MSUSI: Iongezeni. Nami nina sharti langu. Tangazo lisiseme "vikapu vya bei nafuu kutoka Afrika." Liseme Taita, liseme katani, liseme siku sita. Na asilimia yako, mwanangu, ni 15 kwa mara ya kwanza. Mteja akirudi mwenyewe unachukua tano, kwa kuwa aliyemrudisha ni kikapu.

KIJANA: Kumi.

MSUSI: Saba, na ukikosa kuandika daftari wiki moja, huna kitu wiki hiyo.

KIJANA: Saba.

MSUSI: Halafu kuna mteja wa Nairobi aliyenunua viwili, ameandika anataka cha tatu chenye mistari myeusi. Rangi nyeusi inanichukua siku mbili zaidi. Mwambie kabla hajatuma pesa kwamba hicho ni 3,600, na kitatoka baada ya wiki tatu.

KIJANA: Akisema ni ghali?

MSUSI: Mtumie picha ya cha dalali, umwambie kipo cha 1,200. Kisha ungoje uone atakachochagua, na ukiandike.